Nyuki wa Nzomo

Ukitaka kunikasirisha, kaa hapa kwenye benchi yangu, agiza chai, halafu useme Nzomo alikuwa anatoroka. Utaondoka na hiyo chai kichwani. Nimeshamfukuza mtu mmoja tayari, muuza mitumba, na alikuwa mteja mzuri.

Mimi ni Kiilu. Hiki kihoteli ni changu, hapa Matiliku, Makueni, kila mtu anakijua, chapati na maharagwe asubuhi, muthokoi wa mahindi mchana. Kabla ya chapati nilikuwa askari wa miguu, koplo, na vita nilivyopigana si vile mnavyoona kwa televisheni, mtu anakimbia uwanjani kifua mbele. Vyangu vilikuwa ndani ya msitu. Ukiongea na mimi kaa upande wa kulia, sikio la kushoto lilibaki huko.

Nzomo alikuwa dereva wa kifaru. Mtu wa Kanyangi, kule Kitui. Siku ya mazishi yake mimi nilikuwa bado hospitalini, kichwa kimefungwa, lakini nilisimuliwa. Mkubwa mmoja wa jeshi alisimama mbele ya watu, kofia mkononi, akasema marehemu alitoka nje ya njia iliyosafishwa, akakanyaga bomu. Akaketi. Hakusema kwa nini alitoka. Basi watu wakajaza wenyewe, si mnajua watu? Sokoni Kanyangi wakasema risasi zilipoanza Nzomo aligeuza kifaru akimbie, akawaua wenzake. Baba yake, Mzee Kitheka, ni mzee wa kanisa, mtu wa kukaa viti vya mbele na kuombea mvua. Akaanza kukaa nyuma karibu na mlango. Siku ya soko akawa haonekani.

Halafu akanitumia salamu na mtu. Alitaka kujua jambo moja tu: kwa nini kijana wake alitoka njiani.

Na shida ni kwamba mimi nilijua. Nzomo alijua, Sajini Wahome aliyekuwa naye kifaruni alijua, na mimi. Hao wawili wako mchangani. Nilikaa na hilo jibu, mzee sikumjibu wala Kanyangi sikwenda. Kasyoka, mke wangu, akaniambia, "Wewe unamwogopa mzee wa watu kuliko ulivyoogopa risasi." Nilimkaripia, nikamwambia ashughulike na chapati zake. Lakini alikuwa amesema kweli. Niliogopa sana.

Wacha niwaeleze huo msitu kwanza, maana bila msitu hamtaelewa kitu. Uko ng'ambo ya mpaka, unafuata mto, migunga na mikoma na vichaka vya miiba vimeshikana mpaka mbuzi anafikiria mara mbili. Watu wanadhani ukiwa na kifaru umemaliza vita. Mahali pa wazi, sawa. Ndani ya msitu kifaru ni kipofu. Dereva amefungiwa chini ya kifuniko, anaona kupitia vioo vidogo vilivyojaa vumbi na majani. Ile bunduki kubwa huwezi kuizungusha utakavyo, ukiizungusha inagonga mti. Adui amelala kichakani na roketi begani, anangoja upite, anakupiga nyuma kwenye injini. Kwa hivyo lazima sisi wa miguu tutembee nacho, mbele na kando, tukipekua kila kichaka. Sisi ndio macho yake, na chenyewe ndicho ukuta wetu. Tukiachana, sote tumekwisha.

Na bomu la mota nalo. Likianguka mahali pa wazi unalala chini, unaomba Mungu, mara nyingi unaamka. Msituni linapasukia juu kwenye matawi, na mti wenyewe unakushukia vipande vipande. Nimeona kijana ametobolewa ubavuni na kijiti cha mgunga, daktari akavuta mbao badala ya chuma. Huo msitu ulinuka dizeli na utomvu, na kitu kingine sitakitaja kwa sababu naona kuna mtu anakula.

Sasa, nyuma ya kifaru kuna kisanduku, na ndani yake simu ya waya. Askari wa miguu akitaka kuongea na watu wa ndani anafungua, anachukua mkono wa simu, anatembea nyuma akiongea. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilitembea nyuma ya hicho chuma, moshi usoni, nikimwambia Sajini Wahome, kamanda wa kifaru: kichaka kushoto, shimo mbele, ngoja, haya twende. Na kila nikifungua simu, kabla Wahome hajajibu, namsikia Nzomo kwa Kikamba:

"Mtu wa Makueni, bado unatembea? Hiyo miguu haijaisha?"

"Wewe kaa hapo kwa sufuria uive," namjibu.

Wahome alikuwa mtu wa Nyeri na hicho Kikamba kilimchoma. "Ongeeni lugha ya watu! Mnanisengenya ndani ya kifaru changu mwenyewe?"

"Hapana afande," Nzomo anasema, "tunakuombea."

Alikuwa hivyo. Hata siku mbaya ungemkuta anacheka. Alinidhihaki kwamba watu wa Makueni tukiona embe tunasahau tulikokuwa tunaenda, na mimi nikamwambia kwao Kitui mvua inapita juu kwa juu kama ndege ya Mombasa. Kitu kimoja tu hakuwa na mzaha nacho, nacho ni mzinga wa nyuki.

Huo msitu una wenyeji wake, watu wa asali. Walikuwa wametoroka vita, lakini mizinga yao ilibaki juu ya miti, magogo yaliyochongwa ndani yakawa matupu, yakafunikwa huku na huku, kama ya kwetu kabisa. Tukisimama kupumzika Nzomo alikuwa anafungua kifuniko, anatoa kichwa, anaangalia juu kabla hata ya kunywa maji. "Huo una alama," ananiambia. "Angalia, mistari miwili na duara. Ni ya mtu." Kwetu Ukambani mtu akichonga mzinga anauchoma alama ya ukoo wake, na ukiiona hiyo alama umeshajua kuna mwenyewe. Unaweza kupita chini yake na njaa mwaka mzima, huugusi. Nzomo aliona wale wa huko nao wana alama zao, na kwake ikawa imetosha.

Vijana wangu walitaka asali. Tulikuwa tunakula biskuti ngumu, zile zinazokata ufizi. Siku moja mmoja wao akaanza kupanda mti. Nzomo alitoka kwenye kifaru mbio, akamvuta mguu, wakaanguka wote kwenye miiba.

"Kwani shida yako nini?" kijana akamfokea. "Wenyewe wamekufa ama wametoroka!"

"Na wakirudi?" Nzomo akamuuliza. "Wakirudi wapate nini?"

Jioni yake tulipokuwa tunachomoana miiba, akanieleza. Alipokuwa mdogo, yeye na mwenzake walishusha mzinga wa jirani wakala asali. Alirudi nyumbani akanyamaza. Baba yake hakuambiwa na mtu, alimwangalia tu usoni akaona kope limevimba. Mzee Kitheka ni mtu wa nyuki tangu ujana wake, nani atamdanganya? Alikata ufito akampiga mpaka mama yake, Mumbua, akajitupa katikati akilia, "Mwache! Utaniulia mtoto kwa sababu ya nyuki!" Mzee akamsukuma kando, akaendelea. Alipomaliza alimpeleka kwa mwenye mzinga, akampigisha magoti, na mbuzi wa nyumbani akaachwa huko.

"Njiani tukirudi akaniambia, Nzomo, mzinga ukiwa na alama ya mtu, hata kama unakufa, pita kando," Nzomo akanisimulia. Alikuwa anacheka. Akapandisha shati akanionyesha mgongo, na kweli alama zilikuwepo. "Pita kando. Mpaka leo nikiona mzinga, huu mgongo unawasha."

Sasa ile siku yenyewe.

Wenzetu walikuwa na kambi ndogo kando ya mto na walikuwa wamezingirwa. Maji wanayaona, kuyafikia hawawezi. Tuliambiwa tuwafikie kabla jua halijazama. Njia ilikuwa moja na ilikuwa imejaa mabomu ya kufukiwa. Watu wa mabomu wakatangulia na mashine zao, wakasafisha njia ya upana wa kifaru na kidogo tu, wakaiwekea utepe mweupe kila upande. Agizo hata mtoto wa chekechea angelishika: usitoke nje ya utepe.

Tukaingia. Mimi nyuma na simu yangu, vijana mbele na kando, kila mtu anaangalia anapoweka mguu na papo hapo anaangalia kichaka, na macho ya mtu ni mawili tu. Tulikuwa katikati ya njia rashasha ilipoanza, kutoka upande wa kulia chini ya mikoma. Kijana wangu wa mbele aliketi chini polepole, akashika tumbo, akaniangalia, akalala. Wa pili hakupata hata nafasi ya kuketi. Hakukuwa na mahali pa kukimbilia. Kulia rashasha, kushoto mabomu, na utepe mweupe katikati umenyooka vizuri kabisa. Waliobaki wakarudi wakajikunja nyuma ya chuma, na sasa ikawa ile hali niliyowaambia: kifaru peke yake mbele, sisi nyuma yake, hakuna wa kuangalia vichaka. Mota nazo zikaanza kupasukia juu. Hapo kifaru kikisimama kimekufa, na sisi nacho.

Nikashika simu. "Wahome, songa! Tunaisha huku!"

"Nzomo, songa," Wahome akasema.

Kifaru hakikusonga.

"Afande, kuna mti," Nzomo akasema. "Imeinamia njia. Iko na mzinga."

Nikachungulia kando. Kweli. Watu wa mabomu walikuwa wamepita chini ya huo mgunga ukiwa wima, lakini sasa mota ilikuwa imeuvunja kiunoni, umelalia juu ya njia, na kwenye tawi gogo la mzinga lilikuwa linaning'inia sawasawa na kichwa cha kifaru.

"Ponda!" Wahome akapiga kelele. "Ni mti tu! Ponda upite!"

"Ni mzinga ya mtu, afande. Iko na alama, naiona."

"Nzomo!"

Halafu Nzomo akaongea na mimi, kwa Kikamba, kwa sauti ya chini kabisa, utadhani tumeketi kwao nyumbani. "Kiilu, nikiuvunja nyuki watawashukia nyinyi mlio nje. Mtakimbia mtoke kwa utepe, mtaisha. Napita kando. Kidogo tu."

Nilimwambia asitoke. Hilo nataka mlisikie vizuri. Nililia kwenye hiyo simu, "Nzomo, usitoke kwa utepe, ponda hicho kitu, mwanaa inya, ponda!" Hilo neno kwetu ni la mtu mliyenyonya naye ziwa moja. Nikauona mnyororo wa kushoto unapanda juu ya utepe mweupe, ukaubonyeza ndani ya mchanga. Baada ya hapo sikuona.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala njiani, mkono wa simu bado nimeushika, waya umekatika. Sikusikia kitu chochote. Kifaru kilikuwa kimelala ubavu, kinawaka. Wahome alikuwa ametoka nusu, na hiyo nusu siwaelezi. Nzomo hakutoka. Ule mti aliokuwa anaukwepa ulikuwa umeanguka juu ya kifuniko chake, na kwa moto ule hakuna aliyeweza kukaribia.

Hiki ninachosema sasa kisivuke mto Athi kwenda Kitui. Mkikivusha mtanikosea mimi, na mtawakosea watu ambao hamjawahi kuwaona.

Ule mzinga ulianguka karibu na mimi ukapasuka. Na mimi, mkono wangu umeraruka, damu inatoka sikioni, nikajifunika uso nikangoja nyuki. Nilingoja kweli. Hawakuja. Nikaondoa mkono nikaangalia. Ndani kulikuwa na masega makavu meusi na utando wa buibui. Akatoka mjusi mmoja, akasimama, akaniangalia, akaenda zake. Hakukuwa na nyuki humo. Vita vilikuwa vimewafukuza wenyewe na nyuki pia, sijui tangu lini.

Nilimtukana Nzomo. Yeye anaungua pale na mimi namtukana, matusi yote ninayoyajua, kwa lugha zote ninazozijua. Kifaru kilikuwa kimeziba njia na hakuna kilichopita siku hiyo. Kambi ya mtoni ilifikiwa kesho yake, na wengi wao walikuwa hawahitaji tena maji. Hao nao wana mama zao. Nilimpenda Nzomo kama ndugu na nina hasira naye mpaka leo, na mtu asiniambie nichague moja.

Basi nikaenda Kanyangi. Nilipanda boda boda asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno, na njia nzima nilikuwa najifunza la kusema. Nilijiambia nitasema kweli, lakini nitasema ile inayosaidia. Hakukimbia. Alikuwa anaenda mbele. Alikwepa mzinga wa mtu na alitufikiria sisi. Hapo nitanyamaza, nitakunywa chai, nitarudi kwa chapati zangu.

Boma la Mzee Kitheka utalijua kwa mizinga. Kila mgunga una gogo, mingine mawili, na nyuki wanapita juu ya kichwa chako wakienda kazini. Mzee alikuwa anachonga mwingine chini ya kivuli, shoka dogo mkononi, vipande vya mti wa mkau vimejaa miguuni. Ni mwembamba, mrefu, uso umekauka. Nilimwita nau, baba, kama ninavyomwita wangu. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, hakuuachilia haraka.

Mumbua akatoka jikoni akifuta mikono kwenye leso. Ni mama mfupi mnene, macho ya kuchangamka, nikamwona Nzomo hapo hapo. Akanipa kiti. Mzee akaketi kwenye kigoda upande wangu wa kushoto, akasema kitu, nikabaki nikitabasamu tu kama mjinga.

"Baba Nzomo, hilo sikio ni bovu, si uliambiwa?" Mumbua akamwambia. "Hamia huku."

Mzee akainuka, akabeba kigoda chake, akazunguka, akaketi upya. Kisha akauliza tena, polepole, "Mwanangu, kwa nini kijana wangu alitoka njiani?"

Nikawaeleza. Njia, utepe, rashasha, mti, alama kwenye mzinga. Nikawaambia maneno yake yote kwa Kikamba kama alivyoyasema. Mumbua alinisikiliza mdomo wazi.

"Hakukimbia?" akaniuliza.

"Hakukimbia, mwaitu, mama yangu. Alikuwa anaenda mbele."

"Hakukimbia!" Akapiga makofi mara moja, akajifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti, na ndani ya kilio alikuwa anacheka. "Nilisema! Si nilisema? Hao wa sokoni, ngoja. Nitasimama pale katikati ya nyanya zao, watanisikia leo. Mtoto wangu!" Akainuka. "Na wewe huendi bila kula. Kaa hapo hapo." Akaenda jikoni, na tukamsikia ameanza kuimba wimbo wa kanisani, anaukatisha, anaurudia.

Nilifikiri nimemaliza. Nilihisi nimetua gunia, wallahi, nikanyoosha miguu.

Mzee Kitheka alikuwa anaangalia mikono yake.

"Alisema napita kando?"

"Ndiyo, nau."

"Kwa hayo maneno?"

"Hayo hayo."

Akachukua kipande cha mbao, akakigeuza, akakitupa. "Huo mzinga ulianguka?"

"Ulianguka."

"Ukapasuka?"

"Ukapasuka, nau."

"Nyuki walitoka?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Nikaangalia jikoni, nikaangalia zile alama zilizochomwa kwenye magogo yake juu ya miti. Nikafikiria, huyu mzee akijua mle ndani mlikuwa na mjusi tu, atalala vipi?

"Walitoka, nau," nikasema. "Wengi."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akanyoosha mkono, akanishika, akafungua kifungo cha mkono wa shati yangu, akaukunja mpaka juu ya kiwiko. Akaugeuza mkono huku na huku. Akaangalia shingo. Akanishika kidevu, akaniinua uso kwenye mwanga, akaniangalia kope moja, akaniangalia la pili.

"Walikuuma wapi?"

Nikauangalia mkono wangu, nikitafuta.

"Mimi nawachongea nyumba," akasema, na hakuwa na ukali, "na nikifungua vibaya kidogo wananiuma mimi mwenyewe. Wewe ulikuwa umelala hapo karibu, mzinga umepasuliwa na bomu. Walikuuma wapi, Kiilu?"

"Hapa," nikasema, nikamwonyesha kovu la mkononi. Mtu mzima mimi, nilipigana vita, nikasema hapa.

Akalipitisha kidole. "Hapa ni chuma."

Jikoni Mumbua alikuwa amefika kwenye kiitikio. Mzee akaniuliza ndani kulikuwa na nini, na sikuweza tena. Nikamwambia. Masega makavu, utando wa buibui, mjusi.

"Mjusi," akasema.

"Nau, hukumkosea. Ulimfundisha vizuri."

"Mama yake alijitupa katikati siku ile ya ufito," akasema. "Nikamsukuma."

Nilitamani anipige, anifukuze, aniite mwongo mbele ya majirani. Badala yake akaushusha mkono wa shati yangu, taratibu, akaunyoosha, akahangaika na kifungo kwa vile vidole vyake vigumu mpaka kikaingia.

Mumbua akatokea na sahani ya muthokoi na kibakuli cha asali juu ya sinia. Macho yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa umefunguka. "Mmenyamaza nini nyinyi wanaume? Mnaongea nini?"

Nikamgeukia Mzee.

"Kiilu ananieleza habari ya nyuki," Mzee akasema. "Ule mzinga ulikuwa umejaa. Walitoka wengi sana."

"Wengi!" Mumbua akaweka sinia chini. "Basi angeuponda hawa watoto wa watu wangekimbilia kwenye mabomu."

"Wangekwisha wote," Mzee akasema.

"Aiya! Kwa hivyo aliwaokoa." Akanigeukia, akanishika bega, akaniangalia kama mtu aliyeletewa kitu cha mwanawe. "Na wewe, pole mwanangu. Walikuuma?"

Mzee Kitheka alijibu kabla yangu.

"Walimuuma," akasema. "Nimeona alama mwenyewe." Akanisogezea sahani, na kile kibakuli cha asali. "Kula, mwanangu. Kinapoa."